Jeti na Plagi

Lipo swali ambalo limewasumbua watu wenye kufikiri tangu zamani, nalo ni hili: Je, jambo lililo sawa mahali pamoja laweza kuwa kosa mahali pengine? Wako wanaojibu upesi kwamba haiwezekani, kwa kuwa haki ni haki popote. Wako pia wanaojibu upesi kwamba ndivyo, kila nchi ina yake, wala mtu hana ruhusa ya kumpima mwenziwe. Mimi naona majibu yote mawili yana haraka. Nimejifunza kuyatilia shaka kwa kushughulika na kitu kidogo cha shaba chenye tundu katikati, kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Mafundi wetu hukiita jeti.

Kwa msomaji ambaye hajapata kufungua pikipiki, nieleze kidogo. Jeti hukaa ndani ya kabureta, nayo ndiyo ipimayo petroli inayokwenda kuchanganyika na hewa kabla ya kuingia katika silinda. Hewa hupita kwa kasi mahali palipobanwa, kasi hiyo huvuta petroli kupitia tundu la jeti, na mchanganyiko huo huwashwa na cheche ya plagi. Ili petroli iungue yote bila baki, kila gramu 1 yahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, husemwa kwamba mchanganyiko ni mzito: moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, na mafuta hupotea bure. Petroli ikipungua, mchanganyiko ni mwepesi: moto huwa mkali kupita kiasi na chuma huumia. Jeti zina namba. Katika jeti za kiwanda kimoja, namba kubwa hupitisha petroli nyingi na namba ndogo hupitisha kidogo.

Sasa tatizo ni kwamba kabureta haijui uzito wa hewa. Inachokijua ni ule mwendo wa hewa unaopita. Na hewa haina uzito ule ule kila mahali. Jambo hili lilithibitishwa huko Ufaransa tarehe 19 Septemba 1648. Mtaalamu Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme akiwa na mrija wa zebaki. Kileleni zebaki ilionekana imeshuka kwa sentimita 8 hivi. Mrija mwingine uliachwa chini bondeni, ukaangaliwa mchana kutwa, nao haukubadilika. Pwani zebaki husimama kwenye sentimita 76. Hapa Mbeya, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, husimama karibu na sentimita 62. Mama zetu wanalijua jambo hili bila zebaki: maji ya hapa huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, na ndiyo maana maharage hukaa jikoni muda mrefu kuliko Dar es Salaam.

Basi pikipiki iliyopimwa vizuri Dar es Salaam, ikipandishwa Mbeya bila kuguswa, hunywa petroli kupita kiasi kwa karibu sehemu 8 katika kila 100. Jeti ni ile ile, fundi ni yule yule, wala hakuna aliyeichezea. Hata hivyo sasa imekosea. Haikuharibika, ila mahali pamebadilika chini ya magurudumu yake.

Pikipiki ninayoishughulikia mimi ni BSA Bantam ya sentimita za ujazo 175. Aina hiyo ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia 1948 hadi 1971, kwa kufuata mfano wa DKW RT 125 ya Wajerumani. Wajapani wa Yamaha nao waliufuata mfano huo huo katika pikipiki yao ya kwanza ya 1955. Yangu imekwisha kubadilishwa. Kabureta yake ya Amal ililika, nikaweka Mikuni iliyotoka kwenye Yamaha chakavu. Bomba la moshi si la asili, wala kichujio cha hewa si cha asili. Kwa hiyo hakuna kitabu duniani kitakachoniambia niweke jeti namba ngapi. Ilikuja kutoka pwani na namba 150. Hapa Mbeya inakwenda vizuri kwa 140.

Nimepata washauri wawili juu ya jambo hili, na kwa kuwa wao ndio walionitia katika fikira hizi, yafaa niwaeleze. Wa kwanza ni fundi kijana wa Mwanjelwa, hodari wa kazi yake.

“Shikamoo, Mwalimu,” aliniambia. “Namba zisikusumbue. Sisi hapa tunafungua, tunasikiliza. Ikilia vizuri na mteja akaridhika, iko sawa.”

“Marahaba, mwanangu. Na mteja akiridhika kisha injini ikaungua?”

Akacheka. “Akirudi tutatengeneza tena, Mwalimu.”

Wa pili ni mwalimu mwenzangu mstaafu aliyeko Iringa. Yeye ana Honda iliyotoka Dar es Salaam, na kabureta yake haijaguswa tangu siku hiyo. “Ndugu yangu,” husema, “walioitengeneza ndio wanaoijua. Tukianza kubadili namba kwa sababu ya kila kilima, mwisho wake tutabadili nini?” Kila baada ya majuma machache huitoa plagi iliyojaa masizi, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha, bila kuuliza masizi yale yametoka wapi.

Watu hawa wawili wanaonekana kuwa kinyume kabisa. Mmoja ni mtu wa kanuni, mwingine ni mtu wa mazoea. Lakini ukiwatazama kwa makini utaona wamekosa kitu kimoja: wote wawili hawaisikilizi plagi. Mmoja husikiliza masikio ya mteja, mwingine husikiliza kiwanda kilicho mbali. Plagi imekaa pale pale ndani ya moto, nayo hueleza kila kilichotokea.

Namna ya kuisoma ni rahisi, ila yataka uaminifu. Mimi hutia plagi mpya, nikaenda kwenye miinuko iliyo kati ya Inyala na Uyole, nikaipa injini mafuta yote. Kisha huzima na kushika klachi papo hapo, nikaacha pikipiki isimame yenyewe, nikafungua plagi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli imepungua. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mambo yako sawa. Kuzima papo hapo ni sharti. Ukiiacha injini ingurume taratibu mpaka nyumbani ndipo ufungue, utakuwa unasoma habari za mwendo wa taratibu, wala si za mlima.

Hapo ndipo naliona jibu la swali letu. Ile rangi ya chai ya maziwa ni moja, Dar es Salaam, Mbeya, hata Birmingham. Haibadiliki kwa kimo wala kwa kabila. Kinachobadilika ni namba ya jeti inayoileta. Kwa hiyo anayeng'ang'ania jeti ya pwani milimani, akidhani analinda kanuni, ameitupa kanuni yenyewe akabaki na namba. Na yule anayesema kila mahali pana yake ameona namba zikibadilika, akadhani na rangi nayo imebadilika. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alilieleza jambo hili kwa mfano wa Milo, mpiga mieleka maarufu. Ikiwa vipimo 10 vya chakula ni vingi mno kwa mtu na 2 ni haba, haifuati kwamba mkufunzi atampa kila mtu vipimo 6. Kwa Milo vitakuwa haba, na kwa anayeanza mazoezi vitakuwa vingi. Lakini shabaha ni ile ile kwa wote wawili: mwili ulio imara.

Iko hatari nyingine inayopasa kuelezwa. Mchanganyiko mwepesi hupendeza. Fundi akipunguza jeti kidogo kuliko inavyotakiwa, pikipiki huchangamka, moshi hutoweka, mafuta hayaishi upesi, na mwenyewe hufurahi. Katika injini kama ya Bantam hatari ni maradufu, kwa sababu oili ya kulainisha huchanganywa ndani ya petroli yenyewe. Mimi huweka sehemu 1 ya oili kwa 24 za petroli. Anayeinyima injini hiyo petroli ameinyima na oili pia, katika saa ile ile ambayo moto umezidi. Itakwenda kwa raha mpaka dakika ile pistoni itakapokwama katika silinda. Wahenga walisema kwenda mbio si kufika.

Chukua safari ya kutoka Mbeya hadi Iringa, ambayo ni kilomita 330 hivi. Miji hii miwili haipishani sana kwa kimo, na anayelinganisha tarakimu hizo mbili tu atadhani jeti ya Mbeya yatosha mpaka Iringa. Lakini barabara haiendi kwa usawa. Unateremkia uwanda wa Usangu, na kufika Chimala na Igawa umeshuka karibu mita 600. Hewa imekuwa nzito, barabara imenyooka, nawe umeshika mafuta yote. Ndipo unapoanza kupanda tena kwenda Makambako na Mafinga, ambako baridi ni kali. Tena ukipita Iringa na kuteremka Kitonga, utakuwa umeshuka zaidi ya vyote hivyo. Msafiri mwenye busara hachagui jeti ya mahali anapotoka, wala ya mahali anapokwenda. Huchagua ile ambayo haitamwangusha bondeni. Kwa safari hiyo mimi huweka 145. Najua kwamba Mafinga itatoa moshi kidogo, nami nakubali.

Kwa nini nakubali? Kwa sababu makosa haya mawili hayalingani uzito. Petroli ikizidi, plagi huchafuka. Utaisafisha kando ya barabara kwa dakika 5 na kuendelea. Petroli ikipungua, pistoni huungua, wala hakuna kitambaa cha kuifuta. Panapokuwa na shaka, na mtu hana budi kukosea upande mmoja, na akosee upande ule unaotengenezeka.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na siwezi kuitazama jeti bila kuwakumbuka watoto. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali yetu iligawa nafasi za kidato cha kwanza kwa kufuata mikoa na wilaya. Mtoto wa wilaya yenye shule chache aliweza kuchaguliwa kwa alama ambazo mtoto wa wilaya nyingine aliachwa nazo. Wazazi walinijia ofisini kwa uchungu. “Mwalimu, mtihani si mmoja? Alama si alama?” Uchungu wao ulikuwa wa haki, kwa maana mtoto aliyeachwa ni mtoto wa mtu. Mgala muue na haki yake umpe.

Hata hivyo naona mpango ule ulikuwa ni kubadili jeti. Watoto wale walivuta hewa tofauti. Mmoja alisoma penye walimu, vitabu na taa. Mwingine alitembea alfajiri, akafundishwa na mwalimu mmoja mwenye madarasa mawili. Kuwapa wote jeti moja kusingekuwa usawa. Lakini mpango ule ulikuwa halali kwa sharti moja, kwamba mwisho wa kidato cha nne wote wasomwe kwa plagi moja. Daktari atakayemtibu mgonjwa hatapimwa kwa wilaya aliyotoka, kwa sababu ugonjwa haujui wilaya. Tena namba ya jeti ikibadilishwa kwenye karatasi tu, yaani mtoto akafunguliwa mlango kisha ndani asikute kitabu wala mwalimu, hapo hakuna kilichobadilishwa.

Wala tusijidanganye. Kubadili jeti hakurudishi nguvu iliyopotea. Hewa ya Mbeya ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na injini iliyopimwa vizuri kabisa hapa bado haitakuwa na nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Jeti sahihi huipa petroli inayoweza kuiunguza, basi. Vivyo hivyo mwalimu akimpa mtoto wa shule ya pembezoni kila kinachomfaa, bado kilima kipo. Ni uongo kumwambia mtoto huyo kwamba hakuna kilima, na ni uongo pia kumwambia kwamba kwa sababu ya kilima hana haja ya kuungua sawasawa.

Hapa mtu mwerevu atanipinga, naye ana hoja. Atasema: “Plagi nayo imetengenezwa na watu. Nani kakuambia kwamba yenyewe haibadilishwi?” Ni kweli. Plagi zina namba zake. Ziko zinazohifadhi joto na ziko zinazolipitisha upesi. Kwa plagi za NGK namba ndogo ni za moto zaidi. Fundi mjanja aweza kutia plagi ya moto zaidi kuliko inavyotakiwa, nayo itayachoma masizi yake yenyewe na kutoka na rangi nzuri, ilhali mchanganyiko ni ule ule mbaya. Mteja akionyeshwa atasifu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa hiyo haitoshi kusema plagi ni moja. Yapasa kuuliza imechaguliwa kwa nia gani. Plagi ifaayo huchaguliwa kwanza, kwa kuitazama injini na kazi yake, kabla ya kuona rangi yoyote. Ikiwa injini imebadilishwa sana, huenda plagi ya zamani haifai tena, na kuibadili ni wajibu. Lakini anayeibadili baada ya kuona masizi, ili masizi yasionekane, huyo hapimi kitu, anapaka rangi.

Taifa letu limewahi kulikabili swali hilo. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja la sifuri. Mwezi Mei mwaka ule serikali iliamuru matokeo yale yafutwe na madaraja yapangwe upya. Wako waliosema utaratibu wa kupanga alama ulikuwa umebadilishwa bila wadau kuandaliwa, na kwa hiyo plagi ndiyo iliyokosewa. Wako waliosema masizi yalikuwa ya kweli na yamefutwa kwa kitambaa. Sikusudii kuhukumu kesi ile hapa. Nataka tuone kwamba hoja zote mbili zaweza kupimwa kwa swali lile lile: kipimo kinabadilishwa kwa sababu hakisemi kweli, au kwa sababu kimesema? Na baada ya kukibadili, je, kuna mtu aliyerudi kufungua kabureta? Vitabu viliongezeka, walimu wa sayansi walipelekwa? Mwenye kujibu ndiyo alikuwa na haki ya kugusa plagi. Mwenye kunyamaza hakuwa nayo.

Nimesema pikipiki yangu haina kitabu, kwa kuwa imebadilishwa. Mambo yetu mengi ni ya namna hiyo. Shule tulizirithi kwa Waingereza. 1967 tukatangaza Elimu ya Kujitegemea, na tangu hapo tumeongeza na kuondoa mengi. Kiunzi kimetoka kwa huyu, kabureta kwa yule, bomba tumechomelea wenyewe. Haipo namba ya Birmingham inayotufaa, wala ya Tokyo. Wengine hudhani kwamba kwa kuwa kitabu hakipo basi kila kitu ni sawa. Mimi nasema kinyume chake: asiye na kitabu ndiye anayewajibika zaidi kusoma plagi, kwa kuwa hana mwingine wa kumsingizia.

Basi nimjibu aliyeuliza mwanzoni. Ndiyo, lililo sawa pwani laweza kuwa kosa milimani, na mtu asiyetaka kulibadili hana uthabiti, ana uvivu. Lakini mwenye kulibadili ana deni. Anadaiwa aonyeshe plagi, tena iwe ile iliyochaguliwa kabla ya safari, tena aifungue mbele ya mwenye pikipiki, mahali pale pale injini ilipofanya kazi ngumu. Fundi akikataa kuionyesha, mwenye pikipiki asilipe.